Jibu lisikike: mwongozo wa lugha ya mwili kwa aliyeitwa kwenye usaili

Mara ya kwanza kuitwa kwenye usaili wa mahojiano niliulizwa maswali matano, na mpaka leo nina hakika manne niliyajibu sawasawa. Kazi sikupata. Nililaumu kujuana, nikalaumu bahati, nikalaumu na shati la kuazima. Miaka kadhaa baadaye ofisi yangu ikaniweka kwenye jopo la kusaili makarani, na siku hiyo hiyo nikajua kilichonipata. Aliingia kijana mmoja ambaye majibu yake yalikuwa mazuri, ila aliyatoa akiwa ameitazama meza, na kila sentensi ilipokaribia mwisho sauti ilizama. Maneno matatu ya mwisho hatukuyapata. Mwenzangu wa kushoto aliandika nusu ya jibu kwa sababu nusu ndiyo iliyomfikia, na alama akatoa za nusu. Nilimwona yule kijana, nikajiona mimi.

Kwa hiyo ninachokieleza hapa si namna ya kuwaroga wasaili kwa tabasamu. Ni namna ya kuuzuia mwili usilifiche jibu unalolijua. Mifano mingi nitaitoa kwenye usaili wa utumishi wa umma Tanzania, ule unaoendeshwa na Sekretarieti ya Ajira, kwa sababu ndio unaokutanisha vijana wengi. Anayekwenda kwenye kampuni binafsi au shirika atachukua yanayomfaa.

Kabla ya yote: sahau ile asilimia 93

Umeshaisikia kwenye semina: maneno ni asilimia 7 tu ya mawasiliano, sauti 38, mwili 55. Namba hizo zimetoka kwenye majaribio ya mwaka 1967 ya Albert Mehrabian, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Watu walisikilizishwa neno moja moja likitamkwa kwa sauti tofauti, wakaonyeshwa na picha za nyuso, kisha wakaulizwa mzungumzaji anajisikiaje juu ya anayeambiwa. Yalihusu hisia, hasa pale neno na sauti vinapopingana. Mehrabian mwenyewe ameshasema namba zake hazihusu mazungumzo ya kila aina. Zingekuwa za kweli kwa usaili, ungeenda kusailiwa kwa Kichina bila kujua hata neno moja na ukatoka na 93.

Kwenye jopo nililokaa, kila mmoja wetu alikuwa na karatasi: swali, hoja zinazotarajiwa, nafasi ya alama. Tabasamu halikuwa na safu yake. Kwa hiyo soma kwanza. Pitia majukumu ya kazi kama yalivyoandikwa kwenye tangazo, jua taasisi unayoiomba inafanya nini, kisha ndiyo urudi hapa.

Hatua ya 1: Jiangalie kwenye simu siku mbili kabla

Chukua kiti cha mbao, kiweke katikati ya chumba pasipo na meza, uegemeze simu mbele yako. Vaa nguo na viatu utakavyovaa siku yenyewe. Mpe mdogo wako au mwenzako maswali matatu akuulize, ujirekodi kwa dakika kumi.

Ukimaliza, tazama mara ya kwanza bila sauti. Hapo utauona mguu unaotetemeka kama wa fundi cherehani, mkono unaopanda puani kila swali likiwa gumu, na shingo inayoingia mabegani. Mara ya pili sikiliza bila kutazama, uone sentensi zinaishia wapi. Usijaribu kurekebisha kila kitu. Chagua makosa mawili makubwa, uyafanyie kazi hayo tu, maana mtu anayekumbuka masharti kumi ya kukaa hana akili iliyobaki ya kujibu swali.

Nguo pia ni sehemu ya zoezi. Kama sketi inapanda ukikaa, utaivuta mbele ya jopo kila dakika. Kama kola inabana, kidole kitakuwa shingoni muda wote. Nguo nzuri kwa usaili ni ile unayoisahau ukishaivaa.

Halafu bahasha. Matangazo ya Sekretarieti hudai vyeti halisi, kuanzia cheti cha kuzaliwa, kidato cha nne na kuendelea kulingana na sifa za kada, pamoja na kitambulisho. Hati za matokeo za muda hazipokelewi. Kwa nini nataja makaratasi kwenye habari ya mwili? Kwa sababu sijaona kinachomvuruga mtu kama kuchakura bahasha mbele ya watu wanne wanaomsubiri. Mikono inatetemeka, karatasi zinaanguka, jasho linaanza, na swali la kwanza bado. Panga vyeti kwa mfuatano wa kuombwa, na ujaribu kuvitoa ukiwa umefumba macho.

Hatua ya 2: Kusubiri

Waliowahi kuitwa Dodoma wanalijua hili. Unatakiwa kufika asubuhi na mapema, umesafiri kwa gharama yako, umelala kwa ndugu au gesti ya bei nafuu, na jina lako linaweza kuitwa mchana. Saa hizo zote mwili unapoa, unajikunja, na ukiitwa ghafla unaingia na sura ya mtu aliyeamshwa.

Kula kitu, hata kama tumbo linakataa. Usikae umeshika tama, kwetu hiyo ni sura ya msiba na baada ya nusu saa moyo nao unaifuata. Usijiinamie kwenye makaratasi mpaka dakika ya mwisho. Kila baada ya muda simama, tembea, nyoosha mabega. Ukihisi mchecheto unapanda, vuta pumzi kwa pua taratibu, kisha itoe kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta. Mara nne au tano zinatosha; mapigo ya moyo hushuka unapotoa pumzi polepole, na hilo ni jambo la mwili tu, halihitaji imani.

Kuna ushauri mwingine umeenea sana: ujifungie chooni usimame kama shujaa, mikono kiunoni, dakika mbili, eti homoni za ujasiri zitapanda. Ulitokana na utafiti wa 2010 uliofanywa Marekani kwa watu 42. Mwaka 2015 watafiti wengine wakaurudia kwa watu 200 na hawakuona homoni yoyote ikibadilika, na 2016 Dana Carney, mmoja wa waandishi wa ule wa kwanza, akatangaza kuwa haamini tena matokeo hayo. Ukijisikia vizuri ukinyoosha mgongo, nyoosha. Ila choo ni kimoja na foleni ni ndefu.

Hatua ya 3: Kutoka mlangoni hadi kwenye kiti

Gonga, ingia, funga mlango kwa mkono bila kuubamiza, kisha geuka uwatazame wote kabla ya kutoa salamu. Wengi husalimia huku bado wanahangaika na kitasa, na salamu inaupata mlango.

Salamu yenyewe huwasumbua watu. Jopo linaweza kuwa na mzee wa umri wa baba yako na dada mliyepishana miaka miwili. Kwa maoni yangu "Habari za asubuhi" moja kwa wote, ya sauti ya kusikika, inatosha. Ukiona wengi ni watu wazima na roho yako haitulii bila shikamoo, sema "Shikamooni" mara moja, upokee marahaba, basi. Kuzunguka meza ukimwamkia mmoja mmoja kunakula muda wako na kuwapa kazi ya kukuitikia.

Mkono usiunyooshe wewe kwanza. Ukipewa, pokea, shika vizuri bila kulegeza na bila kuminya. Kuushikia mkono wa kulia kwa wa kushoto, kama wengi tulivyofundishwa, hakuna ubaya. Dada Mwislamu asiyeshikana mikono na wanaume aweke kiganja kifuani, ainamishe kichwa kidogo na kutabasamu, mapema, kabla mkono wa mtu haujabaki hewani. Kuna dada mmoja alifanya hivyo mbele yetu kwa utulivu kiasi kwamba mwenyekiti alijikuta anaweka na yeye mkono kifuani. Na binti aliyelelewa kupiga goti anapoamkia wakubwa, kama ilivyo Usukumani au Uhayani, akunje goti kidogo tu. Kupiga magoti kabisa kwenye chumba cha usaili kunawafanya wasaili wajisikie vibaya, na wewe unaanza mazungumzo ukiwa chini.

Kaa ukikaribishwa. Kiti kikiwa mbali, kisogeze, hakuna atakayekukatalia. Mkoba uweke chini kando ya mguu, usiukumbatie. Mtu aliyekumbatia mkoba anaonekana anasubiri basi la usiku.

Hatua ya 4: Macho, na heshima tuliyolelewa nayo

Hapa ndipo panapowaangusha wengi, na si kwa sababu hawana adabu. Wanayo nyingi.

Nyumbani ulifundishwa kwamba mkubwa akisema nawe unainamisha macho. Ukimtazama usoni huku anakuonya, utaulizwa, "Unanitolea macho mimi?" Miaka ishirini ya malezi hayo haifutiki kwa kuvaa tai. Kwa hiyo kijana anaingia, anamkuta mtu mzima mwenye mvi nyuma ya meza, na macho yanashuka yenyewe. Cha ajabu, wasaili nao wamelelewa hivyo hivyo, lakini wakiwa na kalamu mkononi wanakisoma kile kile kwa namna nyingine: huyu hajiamini, huyu labda anadanganya.

Kuhusu kudanganya, wanakosea. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa 2006 na Charles Bond na Bella DePaulo uliona watu hupatia asilimia 54 hivi wanapokisia nani mwongo kwa kumtazama na kumsikiliza, yaani wamezidi kidogo tu kurusha shilingi. Macho kukwepa si ushahidi wa uongo. Lakini wewe umekwenda kuomba kazi, hukwenda kuwafundisha saikolojia, hivyo ni wewe wa kubadilika kwa hizo dakika kumi na tano.

Fanya hivi. Anapokuuliza, mtazame aliyeuliza mpaka amalize swali. Ukianza kujibu, sentensi ya kwanza mpe yeye. Ya pili mpe wa pembeni yake, ya tatu mpe wa upande mwingine, na ya mwisho irudishe kwa mwenye swali, ajue jibu limeisha. Kama macho kwa macho yanakuelemea, tazama katikati ya nyusi; kwa umbali wa meza hakuna anayetofautisha. Ukiwa unafikiri, ruhusu macho yaende pembeni au chini, kila binadamu hufanya hivyo, mradi yarudi unapoanza kusema. Na usikodoe. Kumtazama mtu bila kupepesa ni ugomvi, hata kwenye usaili.

Sasa jambo ambalo hakuna aliyeniambia: wasaili hawatakutazama. Utakuwa katikati ya jibu lako bora, uinue macho uone vichwa vitatu vimeinama. Msailiwa asiyejua hudhani amewachosha, anakatisha jibu, sauti inafifia. Wanaandika tu. Kuandika ni kuzuri, maana umesema kitu cha kuandikwa. Endelea kuzungumza na utosi wa mtu kama ungekuwa uso wake.

Mwenye uoni hafifu, kigugumizi, usikivu mdogo au hali nyingine inayofanya mwili wake ufanye tofauti na niliyoyaeleza, amwambie mwenyekiti mwanzoni kwa sentensi moja. Jopo likishajua, halitakisia.

Hatua ya 5: Mikono, miguu, mgongo

Nyayo zote mbili chini, mgongo uguse kiti, mikono juu ya mapaja au mezani. Usikunje nne. Kwa rika lako haina neno, lakini mbele ya watu wazima kukunja nne bado husomwa kama jeuri, na mguu wa juu ukianza kubembea ndiyo kabisa. Kalamu usiishike kama huandiki, utaibofya. Kiti kikiwa cha kuzunguka, kanyaga sakafu kwa nguvu kidogo, vinginevyo utajibu maswali yote ukiwa unapembea.

Mikono si adui. Swali likiwa na hoja kadhaa, zihesabu kwa vidole: "Kuna hatua tatu. Ya kwanza…" huku kidole kimoja kiko juu. Anayeandika anajua aache mistari mitatu, nawe ukisahau ya tatu kidole kitakukumbusha. Usimnyooshee msaili kidole, tumia kiganja kilicho wazi. Ukitoa cheti, toa kwa mkono wa kulia au kwa yote miwili. Watu wa shoto, kwa hili moja nawaombea radhi kwa niaba ya jamii: mkono wa kushoto bado unamkera mtu mzima wa Pwani hata kama hatasema.

Hatua ya 6: Uso na sauti swali likikushinda

Ukiwa unajua jibu, mwili hujipanga wenyewe. Kazi iko pale usipojua, na kila usaili una swali la namna hiyo.

Niliwahi kushuhudia wasailiwa wawili wakipigwa na swali moja, kuhusu utaratibu wa kutunza majalada ya siri. Wa kwanza alicheka, akafunika mdomo kwa kiganja, akabetua mabega, akasema "Hilo sijui kwa kweli," na tangu hapo hadi mwisho alibaki amejikunja. Maswali mawili yaliyofuata alikuwa anayaweza, ila aliyajibu kama mtu anayeomba msamaha. Wa pili alinyamaza kama sekunde tatu. Hakubadili alivyokaa. Akasema, "Utaratibu wenu wa ndani siufahamu. Ninachokijua ni kwamba jalada la siri halitoki bila kusainiwa, na ningemuuliza msimamizi wangu kabla ya kuligusa." Hakupata alama zote, lakini za maswali yaliyofuata hakuzipoteza.

Kicheko cha kufunika mdomo ni cha aibu, tunacho wengi, hasa dada zetu. Kifanyie mazoezi kwa kujiuliza makusudi maswali usiyoyajua, mbele ya simu, uzoee kubaki mtulivu huku kichwa kiko kitupu. Mikono ikitaka kupanda mdomoni, ibane mapajani.

Uso nao una mitego yake. Wapo wanaokunja ndita wakifikiri, wakaonekana wamekasirika. Ukijijua, inua nyusi kidogo swali linapoulizwa. Tabasamu wakati wa kuingia na wakati wa kuaga. Katikati, kuwa na uso wa mtu anayesikiliza. Kukenua muda wote kunachosha anayetazama.

Sauti ipeleke kwa aliye mbali kuliko wote, na neno la mwisho la kila sentensi liwe na nguvu sawa na la kwanza. Mimi hilo lilinichukua wiki tatu za kusoma gazeti kwa sauti jikoni huku mke wangu akiwa uani. Akisema hajasikia mwisho, narudia aya nzima. Ukimya mfupi kabla ya kujibu hauna kosa. "Aaa… mmh… yaani… kama vile" ndiyo inayoumiza masikio.

Ukisailiwa kwa mtandao

Simu iinuliwe kwenye vitabu ifikie usawa wa macho, dirisha liwe mbele yako na si mgongoni, na ukitaka kumtazama mtu, tazama tundu la kamera, si picha yake. Waambie nyumbani. Bando liwepo la ziada. Kaa mbali kidogo ili mikono ionekane.

Hatua ya 7: Kutoka

Ukiambiwa "Asante, unaweza kwenda," kusanya vyako bila haraka, simama, shukuru ukiwa umewatazama, ondoka. Usiangushe mabega ukiwa bado ndani. Kalamu ya mwisho huandika ukiwa unaelekea mlangoni, na nimeona watu wakipumua "aaah!" kabla hawajafika kwenye kitasa. Usirudi kusema ulisahau hoja moja, aliyefuata ameshaitwa.

Nje, kabla hujapanda bodaboda, andika maswali yote uliyoulizwa na pale mwili ulipokuangusha: swali la ngapi mguu ulianza, lini sauti ilizama. Yatakufaa usaili ujao. Simu yako pia iwe hewani na akaunti ya Ajira Portal, yaani tovuti ya Sekretarieti ya kuombea kazi, uifungue mara kwa mara hata miezi ikipita, maana aliyefaulu akakosa nafasi huwekwa kwenye kanzidata, na watu hupangiwa vituo kutoka humo wakiwa wameshakata tamaa na kurudi shamba.